Kwa hewa hii ya Tanga, nguo ya maisha ya kesho inaoza kabla kesho haijafika

#1 Mleta mada

Wanajamvi habari za saa hizi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nina jambo ninaloliona mezani kwangu kila wiki na nimeamua kuliandika kwa urefu, kwa sababu mteja akisimama mbele yako na nguo yake mkononi si adabu kuanza kumpa somo. Anataka ibanwe, unaibana.

Nguo zinazoletwa kwa fundi ni za namna mbili. Kuna zinazoletwa kwa sababu zimevaliwa sana: suruali imelika nyuma kwa kiti cha baiskeli, shati limekwisha kola, dera limefumuka kwapani, sare ya mtoto imeachia upindo. Na kuna zinazoletwa kwa sababu hazivaliwi. Nzima, safi, nyingine bado zina karatasi ya bei. Suti ya sufu yenye bitana nzito. Gauni refu la kumetameta. Koti la ngozi. Suruali ambayo zipu yake haifiki juu. Mwenyewe anaamini tatizo ni mshono, fundi akiugusa nguo itavalika. Ukimuuliza ataivaa wapi, majibu ni yaleyale: nikipata kazi Dar, nikipungua, tukihamia Arusha, nikianza kutokatoka.

Siwacheki hata kidogo. Anayenunua nguo ya namna hiyo ana hamu ya maisha mazuri, na hamu hiyo ni haki yake. Kazi haiuzwi sokoni, lakini shati la mwenye kazi linauzwa, tena pale Mgandini unaweza kulipata kwa bei ndogo. Ndiyo maana mkono unakwenda.

Ninachotaka kusema ni hiki: hapa pwani nguo haikungoji. Watu wanadhani wameweka akiba kabatini, kumbe mle ndani vitu vinakufa polepole.

Tuanze na kuvu. Unyevu wa hewani ukivuka asilimia 70 hivi, kuvu inaweza kuota juu ya ngozi, juu ya sufu, hata juu ya pamba. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, sisi tunaamka juu ya kiwango hicho siku nenda siku rudi. Kabati limesukumwa mpaka ukutani, ukuta wenyewe umenyonya maji, nguo zimebanana, na mlango haufunguliwi kwa kuwa hakuna kinachovaliwa mle. Mwezi wa sita unatoa koti lina madoa ya kijani na harufu isiyotoka hata ulifukize udi wa aina gani.

Viatu ndivyo vinavyonisikitisha zaidi. Soli nyepesi za raba nyingi na za viatu vingi vya ofisini hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki laini. Kitu hicho huvunjwavunjwa na unyevu wa hewani, kidogokidogo, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi lake na hakijakanyaga chini. Mtu ametunza viatu vyake vya sherehe kwa miaka, siku ya siku anavitoa, anapiga hatua chache ukumbini, soli inamomonyoka na kuacha vipande sakafuni. Anadhani ameuziwa kiatu kibovu. Kiatu kilikuwa kizuri, kimekufa kikisubiri. Ngozi ya bandia nayo inamenyeka magamba kwenye kola na viwiko. Lastiki inalegea. Zipu na vifungo vya chuma cha bei rahisi vinashika kutu kwa chumvi ya upepo wa baharini, na kutu ya kifungo ikishapenya kwenye kitambaa cheupe inaacha doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi.

Kwa hiyo hata kesho ikija kweli, ukaipata hiyo kazi, utanunua upya. Pesa ya kwanza imekwenda bure, na wakati uleule ulikuwa unavaa shati moja la kazi mpaka likatoboka.

Jambo la pili ni kule zinakotoka nguo zenyewe. Sehemu kubwa ya tunachovaa ni mitumba, na balo la mitumba linafungwa Ulaya, Marekani, Kanada, Uchina. (Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe taratibu hadi 2019, Marekani ikaweka shinikizo kupitia AGOA, ule mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, ikabaki Rwanda peke yake iliyoshikilia na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake huko. Kwetu mabalo yanaendelea kufunguliwa.) Nguo ile ilishonwa kwa ajili ya mwili wa mtu anayetoka kwenye nyumba yenye moto kwenda nje kwenye baridi. Bitana, pedi za mabega, kitambaa kizito, vyote vina kazi yake kule. Ukiiona imetundikwa kwenye henga inang'aa, unachokiona ni maisha ya mwenye nayo wa kwanza. Ivue kwenye henga, iweke Barabara ya 12 saa saba mchana mwezi wa pili, joto limefika nyuzi 32 na kaskazi inavuma kavu, halafu ujiulize nani ataivaa.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye kitambaa, maana ndipo watu wanapopigwa. Pamba ikiwa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake. Polista haifiki hata asilimia 1. Maana yake jasho lako pamba inalipokea, polista inaliacha juu ya ngozi. Kuna polista nyembamba za michezo zilizofumwa ili zisambaze jasho likauke upesi, hizo ni nzuri uwanjani ingawa zinashika harufu. Lakini shati la ofisini la polista tupu, lenye mikono mirefu, kwa mtu anayetoka Makorora au Mabawa kwa baiskeli, ni mateso. Kama lebo imekatwa na hujui ni kitambaa gani, chomoa uzi mmoja kwenye upindo uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu. Fanya hivyo hata kwa kitambaa cha dukani kabla hujakata mita nyingi. Muuzaji mwema atakupa uzi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Watu wa pwani tuna nguo za kutokea na nguo za kushindia. Za kutokea zimejaa kabati. Za kushindia ni zile zilizochoka: kanga iliyochujuka mpaka jina halisomeki, fulana ya kampeni, dera lenye tundu. Ukipiga hesabu ya wiki ya mama wa kawaida pale Msambweni, saa nyingi mno anashinda. Anapika, anafua, anapokea wageni barazani, anakwenda dukani mara moja, anarudi. Maisha yake yako kwenye kushinda, na huko ndiko anakovaa kibaya kuliko vyote. Mgeni akibisha hodi anakimbilia chumbani kujistiri. Kwa nini? Nguo anayoishi nayo haikununuliwa kamwe. Ni mabaki ya nguo za kutokea.

Mimi mteja akiniuliza anunue nini, namwambia anunue madera mawili ya pamba nyepesi, mapya, rangi anayoipenda, yashonwe kwa mwili wake, yawe ya nyumbani. Wengi wanaona ni israfu. Lakini nimewaona waliofanya hivyo wakija kuleta kitambaa kingine cha namna ileile, na hakuna aliyerudi kuniambia dera la nyumbani limekaa bila kuvaliwa.

La mwisho ni mwili. "Fundi usiiachie, mimi nitapungua." Dada zangu hasa, waliojifungua. Ananiletea sketi ya kabla ya mtoto wa kwanza, mtoto yuko darasa la tatu. Dada yangu, mwili ulio nao leo ndio uliobeba mtoto, ndio unaoamka alfajiri, na unastahili nguo inayokaa vizuri leo hii. Suruali na sketi nyingi zilizoshonwa vizuri zina akiba ya mshono nyuma kiunoni. Zinaachiwa kwa muda mfupi na hazikumbuki saizi ya zamani. Ukipungua, njoo nitabana. Kubana ni rahisi kuliko kuachia.

Watoto siwahesabu. Sare ya shule ukinunua kubwa na upindo mpana unafanya vizuri, kwa sababu mtoto atakua, hilo halina shaka.

Karibuni tuchangie.


#2

Naunga mkono, fundi. Mimi niko Deep Sea, hapahapa Tanga, kazi zangu ni za samaki. Kuhusu zipu umesema kweli tupu. Siku hizi nanunua za lastiki au za kufunga kwa kamba, au zipu ya plastiki. Jinzi zenye vifungo vya chuma huku kwetu hazina maisha.

#3

Fundi, heshima kwako, ila naomba nipingane na wewe kidogo. Mimi ni kijana, nimemaliza chuo, natafuta kazi. Ulipotoka wito wa usaili nilikuwa na siku mbili tu. Ningesubiri mpaka niitwe ndipo nitafute suti, ningeingia pale na fulana. Nguo ile niliinunua kwa ajili ya maisha ambayo sijayapata, na kila nikiiona ukutani inanikumbusha kwamba sijakata tamaa. Sisi tusio na kazi ukituambia tununue kwa maisha tuliyo nayo, tutanunua nini? Ndala?

#4 Mleta mada

Mdogo wangu, umesema jambo zito na sitalipita juujuu.

Wewe unatuma barua. Unaitwa. Basi usaili uko ndani ya maisha yako ya sasa, kama vile mvuvi alivyo na koti la mvua hata siku ya jua. Suti yako ni nguo ya kazi, na kazi yenyewe kwa sasa ni kutafuta kazi. Ninayemsema mimi ni yule mwenye suti tatu na hajaandika barua hata moja, na anaongeza ya nne.

Ila sikiliza ushauri wa fundi, kwa faida yako. Usiiache ukutani ikisubiri wito. Ivae. Idd inakuja, harusi zipo, Ijumaa au Jumapili ukiwa na mahali pa heshima pa kwenda, vaa hata koti peke yake na suruali ya kadeti. Nguo inayovaliwa inapata hewa, unaiona ikianza kuachia mshono, unajua kama bado inakutosha. Ukirudi usiirudishe kabatini na jasho lake. Itundike kivulini penye upepo usiku mzima.

Na kama ni ya mtumba, ilete kwa fundi aifungue bitana ya mgongoni, abakishe ya mabega na mikono. Inaitwa nusu bitana. Koti linakaa vilevile kwa nje, mgongo unapumua. Kwenye chumba cha usaili chenye feni moja utaona tofauti, maana jasho likikutoka usoni wanaokuhoji wanadhani ni woga.

Nakuombea upate.

#5

Assalam alaykum. Mimi mwanamke na nataka kuuliza kuhusu sare. Tuseme ukweli, kabati zetu hazijajazwa na ndoto, zimejazwa na harusi za watu. Singo kuna sare, kitchen party kuna sare, send-off sare, harusi yenyewe sare, na kila moja ina rangi yake na kitambaa chake kimechaguliwa na kamati. Ukikataa unaonekana huna upendo. Ninayo magauni ya lesi na satini ambayo kila moja limevaliwa usiku mmoja. Hayo nayo unayaita nini, fundi? Mimi sikuyachagua.

#6 Mleta mada

Wa alaykum salaam, dada. Hili nalishukuru, maana sisi mafundi tunakula kupitia sare na wengi wetu hatusemi.

Sare ina maana yake na siwezi kuipinga. Mwenye shughuli anatazama ukumbini anaona watu wake wamevaa rangi moja, anajua hayuko peke yake. Hilo ni jambo kubwa kwetu. Tatizo liko kwenye kitambaa na mshono, na yote mawili yanasemeka kwenye kamati kabla pesa haijatoka.

Kama una sauti kwenye kamati, pendekeza kitenge cha pamba badala ya satini. Satini nyingi za bei hiyo ni polista, inateleza kwenye mashine, inafumuka mishono mtu akikaa, na baada ya usiku ule haina pa kwenda. Kitenge cha pamba kesho yake kinavaliwa sokoni.

Na kama kitambaa kimeshaamuliwa, mshono bado ni wako. Usishone gauni moja refu. Shona blauzi na sketi mbalimbali. Blauzi itavaliwa na sketi nyeusi uliyo nayo, sketi itavaliwa na blauzi nyeupe, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa sare ya fulani. Mwambie fundi akuachie akiba ya kutosha kwenye mishono ya pembeni. Fundi anayekata akiba ndogo ili abakize kitambaa, huyo anakuibia maisha ya nguo.

Lesi ulizo nazo: zikaguliwe bitana. Mara nyingi lesi yenyewe ni nzima na bitana ndiyo inayochoma. Toa bitana ya polista, weka ya pamba nyembamba, utashangaa lilivyo jepesi. Yale ambayo hayawezekani, toa. Kuna mabinti wanaoanza kushona wanatafuta vitambaa vya kujifunzia.

#7

Fundi na wanajamvi, mimi ni mwalimu. Nimepata uhamisho kwenda Lushoto na naripoti mwezi wa saba. Nimezaliwa hapa Tanga, nimesoma hapa, sina hata sweta moja. Mama mdogo ananiambia ninunue makoti kabisa huku kabla sijaondoka. Je, hiyo ni nguo ya maisha ya kufikirika au ya kweli?

#8 Mleta mada

Mwalimu, hongera na pole kwa safari. Hiyo ni ya kweli, una barua mkononi.

Lakini usinunulie huku. Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti usiku ni baridi hasa, asubuhi ukungu. Wewe uliyekulia pwani huwezi kukisia baridi ukiwa umesimama Mgandini unatoka jasho. Utanunua koti zito kupita kiasi kwa sababu ya hofu, au jepesi kwa sababu ya joto ulilo nalo wakati huo. Panda na sweta moja la kuazima, ukae wiki, uangalie walimu wenzako wanavaa nini darasani. Kisha nunua hukohuko. Wauza mitumba wa kule wanachagua mabalo kwa baridi yao, sweta za sufu utazipata.

Mchana jua likitoka huko kunapendeza, kwa hiyo vaa kwa tabaka: fulana ya pamba ndani, shati, sweta juu. Unavua moja unaendelea kufundisha. Koti moja zito la usiku linatosha. Sufu usiifue kwa maji ya moto wala usiisugue, itasinyaa na kuwa ngumu. Maji ya baridi, sabuni kidogo, ikamue kwa kuibonyeza, ianike ikiwa imelazwa.

Na mashati yako ya pwani usiyagawe yote. Likizo utarudi.

#9

Mimi ni msomaji tu wa siku zote, leo nachangia. Nimesoma uzi huu nikaenda kufungua kabati la marehemu kaka yangu. Alikuwa na mipango ya kwenda kusoma Ulaya, alinunua makoti mawili ya sufu mapema. Hakwenda. Yamekaa kwenye sanduku na kafuri. Moja limeliwa na nondo mkononi, la pili ni zima kabisa, la kijivu, nimelianika tangu asubuhi na halina kuvu. Hapa nyumbani hakuna wa kulivaa na sitaki kuliuza. Mwalimu wa #7, kama huoni vibaya kuvaa nguo ya marehemu, ningependa liende Lushoto. Liko Chumbageni.

#10

Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako. Sioni vibaya hata kidogo, nitalivaa kwa heshima. Fundi, litanitosha? Mimi ni mwembamba kiasi, mrefu wa wastani. Kama ni kubwa utanipunguzia?

#11 Mleta mada

Dada wa #9, pole sana, na ahsante.

Mwalimu, usilikatae kwa ukubwa wa tumbo wala urefu wa mikono, hivyo narekebisha. Angalia mabega tu. Livae juu ya shati na sweta, maana ndivyo utakavyolivaa kule, kisha uone mshono wa bega unaishia wapi. Ukiishia pale bega lako linapoishia, au ukizidi kwa upana wa kidole, linakufaa. Ukishuka hadi mkononi kabisa, kulirudisha ni kufumua koti zima na mkono wake, kazi ndefu, na sufu ya zamani haipendi kufumuliwa mara mbili.

Hili bitana usiifungue. Kule utaihitaji. Dada akague vifungo na mfuko wa ndani kabla hajalitoa. Lile lililoliwa na nondo nalo mlilete wakati mmoja. Kitambaa chake nitakitumia kutilia viraka vya viwiko, ambako mwalimu ndiko anakomaliza koti kwa kuegemea meza. Malipo yasiwasumbue.